Nilimwambia Amshike Kiuno

Naona haya hata kuwasimulia. Hapa Mwanza kazi yangu ni kuwafanyisha mazoezi waliopata kiharusi. Juzi akaja mama mmoja wa Igogo, nikamwamkia kwa Kisukuma, kwa mbwembwe zote. Kijana aliyemleta alibaki mlangoni. Nikajua ni mwanawe, tena mvivu. Nikampangia mama lengo la mazoezi bila kumuuliza, nikalitangaza: atembee hadi dirishani, kijana akimshika kiuno.

Mama akajifunika uso kwa khanga. Kijana akainamisha kichwa. Mimi mjuaji nikapaza sauti, wagonjwa wote wakageuka: "Kijana, mkumbatie! Aibu ya nini?"

Mama akajibu ndani ya khanga, "Mwanangu, aliyekufundisha hicho Kisukuma hakukufundisha na mila zetu? Lengo langu la kwanza, huyo mkwe wangu atoke nje."