Vifaranga Waliosemekana Wamekufa

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mimi na dada yangu tulikuwa na duka la dawa za mifugo mjini Kericho, chumba kimoja kirefu chenye harufu ya dawa ya kupe na unga wa kuku. Lakini dawa hazikutulisha sana. Kilichotulisha ni vifaranga wa siku moja. Walitoka Nakuru kwa basi la asubuhi, ndani ya maboksi ya karatasi ngumu yenye matundu, na kabla jua halijakolea tulikuwa tumeshawasambaza: Soin, Fort Ternan, Litein, wengine hadi Kimulot kule juu karibu na msitu wa Mau. Wateja wengi hatukuwajua kwa sura. Walipiga simu dukani, wakatuma pesa kwa mtu anayeshuka mjini, nasi tukafunga boksi kwa kamba ya katani na kulikabidhi kwa dereva anayeelekea huko.

Biashara ya namna hiyo ina ugonjwa wake. Mtu usiyemwona akikuambia mali imefika imeharibika, huna boksi mbele yako wala uso wa kuangalia. Una sauti tu kwenye simu, na laini zenyewe zilikuwa zikikwaruza kama mtu anasugua sufuria.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Fort Ternan aliyetaka arudishiwe pesa siku ya pili tu, akidai tumemuuzia majogoo watupu. Kifaranga wa siku mbili! Dada alichukua simu mkononi mwangu akamwambia, "Wakianza kuwika nipigie, nisikie kwa masikio yangu." Hakupiga tena. Dada alikuwa hivyo, mkali na mcheshi kwa pamoja, na ndiye aliyetunga sheria ya duka: anayesema vifaranga wamefika wamekufa awarudishe hao waliokufa, apewe wengine. Hakuna mzoga, hakuna kurudishiwa.

Mimi sheria hiyo ilinitia hofu. Wazazi wetu walitoka upande wa Nyeri, sisi tukazaliwa hapo Kericho, tukasoma na kucheza na watoto wa Kipsigis mpaka tukaota kwa lugha yao. Sisi tukichanganya r na l, wao wakichanganya b na p, na tulielewana vizuri sana. Lakini miaka hiyo kulikuwa kumetokea fujo za kikabila. Baadhi ya jamaa zetu walihama, na tuliobaki tulijifunza kupima maneno. Mteja akidai pesa zake, hakuwa anadai pesa tu. Ukimkatalia, angeweza kusema umemkatalia kwa sababu yeye ni wa huku na wewe si wa huku. Na ukimkubalia kila mtu, unafunga duka.

Madai ya Kimulot yalikuja msimu wa baridi. Aliyepiga simu alikuwa mke wa mwenye duka pale senta, penye maduka ya Kimulot, mwanamke mwenye sauti laini ambaye tayari nilimfahamu kwa simu. Yeye ndiye aliyeagiza boksi la vifaranga kwa niaba ya nyanya mmoja wa jirani ambaye hakujua kutumia simu. Boksi lilishushwa dukani kwake, na nyanya angekuja kulichukua.

"Mama, pole," alisema. "Nusu walifika wamekufa. Nyanya analia."

Nilimhurumia nyanya huyo. Sikungoja mzoga wala nini, nikatuma wengine badala yao. Dada alinitazama nikifunga boksi, akasema, "Haya. Umefungua mlango."

Haukupita muda mrefu, sauti ile ikapiga tena. Sasa hata wale wa badala walifika wamekufa, karibu wote. Na safari hii nyanya hataki vifaranga wengine. Anataka pesa.

"Nitumieni waliokufa," nikasema, nikijisikia vibaya.

"Sawa, mama. Nitawatuma."

Walifika na pikapu ya maziwa, ndani ya kikopo cha siagi kilichofunikwa kwa gazeti. Dada alikifungulia nje, akaita, "Njoo uone vifaranga wako wa siku moja."

Hawakuwa wa siku moja. Mabawa yao yalikuwa yameshaanza kutoa manyoya halisi, na miguu imerefuka. Walikuwa wamekula na kukua wiki nzima na zaidi kabla ya kufa. Aliyesema walifika wamekufa alikuwa amesema uongo.

"Huyo nyanya anakuchezea," dada akasema. "Usitume hata senti."

Nilikubaliana naye mchana kutwa. Jioni, nikifagia, nikakumbuka kwamba sijawahi kusikia sauti ya nyanya mwenyewe. Maneno yote niliyoyapata kutoka kwake yalikuwa yamepita kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nikamwambia dada nitakwenda kuona.

"Kimulot? Miaka hii? Kwenda kumwambia mzee wa watu kwamba ni mwongo?"

"Kwenda kumsalimia," nikasema.

Nilipanda na pikapu ile ile ya maziwa iliyoleta kikopo, nikikaa mbele na dereva. Kadiri tulivyopanda, baridi iliongezeka. Wachumaji wa chai walikuwa wamejifunga mifuko ya nailoni kiunoni kwa sababu ya umande, na upande wa msituni ukungu ulikuwa haujaondoka ingawa ilikuwa karibu saa sita. Nilimwomba dereva anishushe kabla ya senta, kwenye njia ya kwenda kwa nyanya. Sikutaka kuanzia dukani.

Nyanya nilimkuta akimwaga maziwa kwenye kibuyu, mwanamke mfupi mwenye sweta ya kiume na leso kichwani. Nilimwamkia kwa lugha yake, "Chamge, kogo," yaani hujambo, nyanya. Alinitazama, akaitikia, akaniuliza mimi ni wa nani.

"Mimi ndiye ninayeuza vifaranga Kericho."

Uso wake ukafunguka. "Ni wewe? Ingia! Ingia uone watoto wako!"

Nilijua sitapata nafasi ya kuanza maneno yangu kabla ya kuona. Alinivuta jikoni. Karibu na mafiga, ndani ya duara la mabati yaliyokatwa, walikuwa wanatembea vifaranga wenye afya kuliko hata nilivyotarajia, juu ya maranda makavu, na jiko la makaa katikati limezungushiwa wavu.

"Wako wote hapa, hakuna aliyekufa?" nikauliza.

"Kwangu? Hakuna. Waliokufa walifia njiani. Huyo wa duka aliniambia nusu walikufa kwa baridi ya barabara, nikasema basi, hata hii nusu ni Mungu."

"Na wale niliokutumia badala yao?"

Aliacha kumimina chai aliyoniandalia. "Wepi?"

"Kogo, hukuomba kurudishiwa pesa?"

"Pesa gani? Mimi nimwombe nani pesa, na kuku ninao?"

Kati yangu na yeye alikuwepo mtu mmoja tu, yule wa duka. Nilisikia aibu, maana nilikuwa nimepanda mlima mzima nikiwa nimemhukumu mama huyu kama mwongo, naye ananimiminia chai. Halafu aibu ikageuka hasira. Yeye hakukasirika. Alikunywa chai yake ikaisha, akafunga leso vizuri, akachukua fimbo.

"Twende," akasema.

Duka la senta lilikuwa la mbao, na kaunta yake ilikuwa na waya mbele. Mke wa mwenye duka alikuwa peke yake. Aliponiona, na nyanya nyuma yangu, mkono wake ulibaki juu ya mzani. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, labda miaka ishirini na kitu.

"Mimi ndiye wa Kericho," nikasema. "Nimekuja kuona wale waliokufa."

Kabla hajajibu tulisikia, nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, mlio mwembamba.

Nyanya alipita kaunta bila kuomba ruhusa. Chumba cha nyuma kilikuwa na sakafu ya simiti, baridi ya kuuma. Vifaranga walikuwa ndani ya kikapu kikubwa, wachache waliosalia, wamekumbatiana kwenye kona kama kitu kimoja. Hakukuwa na jiko, hakukuwa na taa. Kulikuwa na shati kuukuu tu juu yao.

"Nyumbani kwetu tunawaweka hivi," yule mwanamke akasema mlangoni, na machozi yakaanza kumtoka. "Hawafi."

"Kwenu ni wapi?" nyanya akauliza.

"Soin."

Soin ni chini, kwenye joto, kwenye miwa. Kule kifaranga unaweza kumweka kwenye kikapu na akakua. Kumbe alikuwa akiwaua bila kujua, mmoja baada ya mwingine, akishangaa ni nini kinachowaua.

Maneno yake yalitoka vipande vipande. Mume alishika sanduku la pesa na ufunguo wa sanduku. Yeye alisimama dukani kuanzia asubuhi hadi usiku, na hata nauli ya kwenda kwao ilibidi aiombe na kueleza. Mama yake alikuwa mgonjwa. Alikuwa ameiomba nauli mara mbili akaambiwa asubiri majani ya chai yalipwe na kiwanda. Boksi la nyanya lilipofika akaficha nusu, akafikiri kuku hao watakuwa wake, atawauza, ataenda. Nilipotuma wa badala aliogopa, lakini aliwachukua. Walipoanza kufa aliona bora aombe pesa moja kwa moja.

"Ungeniambia," nikasema. Niliposikia nilivyosema, nikajiona mjinga. Angeniambia nini, na kwa nini, mtu asiyenijua?

Hapo ndipo tuliposikia baiskeli ikiegemezwa ukutani nje. Mwenye duka alikuwa amerudi. Yule mwanamke alifuta uso kwa haraka kwa kiganja, na nikaona hofu ambayo sikuipenda. Akaingia mwanaume mrefu, mpole wa kumwangalia, akashangaa kutukuta chumba cha nyuma.

"Kuna shida?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nimelipa nauli, nimedanganywa mara mbili, na nilikuwa na haki ya kusema. Nilimtazama nyanya. Mali ya kwanza iliyoibwa ilikuwa yake, na mimi kule nilikuwa mgeni.

"Hakuna," nyanya akasema. "Huyu mama wa Kericho amekuja kuona kuku wake. Vifaranga wangu wamelala hapa kwako na nimekuja kuwachukua. Chumba chako ni baridi kama kaburi."

Alivua sweta ile ya kiume, akawafunga wote ndani yake, akawakumbatia kifuani. Kisha akamwambia mwenye duka, kwa sauti ile ile ya mazungumzo ya kawaida, "Na mama mkwe wako anaumwa kule Soin. Watu wote wa hapa wanajua isipokuwa wewe, ama wewe ndiye unayejua na hujaenda?"

Yule bwana alisema majani hayajalipwa. Nyanya akasema ugonjwa hausomi kalenda ya kiwanda. Siku mbili baadaye mke alikwenda Soin, na mume alimsindikiza. Haya niliambiwa baadaye na dereva wa pikapu, kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyasikia.

Nilirudi Kericho bila pesa zangu. Dada alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hivyo tumeibiwa, na tumeenda kunywa chai?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Sasa nilikuwa na wazo, na nilijua hatalipenda. Nilitaka mwanamke yule awe wakala wetu Kimulot, waziwazi, mume wake akijua, na kwa kila boksi litakalouzwa kule apate vifaranga wake kadhaa halali. Nyanya amfundishe kuwalea. Dada alicheka kicheko kibaya.

"Umemlipa mwizi mshahara."

Mpaka leo siwezi kusema kwamba dada alikosea. Tulibishana wiki nzima, na mwishowe akakubali kwa sharti moja: sheria ya mzoga ibaki, na kila boksi la Kimulot lipokelewe na watu wawili, nyanya akiwa mmoja wao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nyanya alijifunza simu pia. Alipiga kelele ndani yake kana kwamba anaita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na sisi dukani tulishika kipokezi mbali na sikio.

Mke wa mwenye duka aliuza vizuri kuliko tulivyotegemea, maana alijua ni nani ana jiko na ni nani hana, na asiye nalo alimkatalia mpaka alinunue. Mimi na yeye hatukuwa marafiki. Kila mara dereva alipoleta habari ya vifaranga waliokufa Kimulot, moyo wangu ulishtuka kidogo kabla ya kuuliza maswali, na nadhani alilijua hilo. Siku moja aliposhuka mjini kuchukua chanjo, alinikuta nikihesabu vifaranga wa boksi lake kwa mara ya pili. Nilisita, mkono ukiwa ndani.

"Endelea tu kuhesabu, mama," akasema. "Sikasiriki."

Nikaendelea kuhesabu. Yeye akakaa kwenye gunia la unga, akavua viatu vilivyojaa matope, akaanza kunieleza habari za mama yake, ambaye alikuwa amepona kiasi cha kugombana na majirani kuhusu mpaka wa shamba.