Genoveva na Safari ya Miji Mitatu

Genoveva alikuwa mtu wa kupanga. Mpe harusi, mpe kipaimara, mpe hata msiba wa mtu asiyemjua sura, ataupanga mpaka wafiwa wasahau kulia na wabaki wakishangaa jinsi wali ulivyoiva kwa wakati. Watanzania wa Washington walimjua hivyo, na Wakenya aliosali nao pia. Kwa hiyo mwaka ule wa tisini na tisa, iliposikika kwamba anapanga safari ya Ulaya kwa mwezi wa kumi, Brussels, Munich na Roma, hakuna aliyeona ajabu. Watu walisema anastahili, maana kazi ya kuwageuza wazee kitandani si mchezo. Jambo moja tu hawakulijua, na afadhali lisemwe mapema tusizungushane. Genoveva hakuwa na karatasi.

Alikuja Marekani akiwa yaya wa familia ya bwana mmoja wa shirika la kimataifa. Bwana akahamishwa, Genoveva akabaki. Viza ikafa, pasipoti nayo ikafuata. Tangu hapo aliishi wanavyoishi wengi, kimya kimya, akipanga chumba kimoja na Wamaitha, Mkenya wa Nyeri, kule Columbia Heights, na kwenda Annandale kila siku kumtunza mzee mmoja aliyepooza upande. Kazi aliifanya kwa moyo, mzee akimpenda, na pesa ikienda Bukoba bila kukosa. Pesa hiyo ndiyo iliyowasomesha wadogo zake watatu, Method, Anatoli na Adela. Baba yao alikuwa amefariki zamani, na Genoveva, kifungua mimba, alikuwa baba kwa njia ya posta.

Sasa uongo wenyewe ulianza hivi. Mama yao alikuwa na swali moja kwenye simu, kila mara, kabla hata ya salamu: mwanangu, karatasi zimetoka? Genoveva alimjibu bado, bado, bado, mpaka siku moja alichoka kuisikia pumzi ya mama ikishuka upande wa pili, akasema zimetoka. Basi! Mama hakungoja kesho. Jumapili ile ile alipeleka mbuzi kanisani kutoa shukrani, akasimama mbele ya parokia nzima akasema mwanawe amepata makazi Marekani, na kwaya ikamwimbia. Genoveva alipoelezwa alijifungia bafuni akalia. Tangu siku hiyo hakukuwa na pa kurudi nyuma, labda umnyang'anye Mungu mbuzi wake.

Mama alipofariki, mwaka wa tisini na saba, Genoveva hakwenda kuzika. Alisema kazi ilimbana. Wadogo zake walimeza, ila Adela alimezea kooni. Kazi gani hiyo, alimuuliza Anatoli, inayomzuia mtu mwenye karatasi zake kumzika mama yake mzazi? Anatoli, mpole wa kuzaliwa, alisema dada ana mambo yake, tumwache.

Kufikia wakati huo wadogo wenyewe walikuwa wametawanyika. Method alikuwa padri, askofu amempeleka Roma kusoma. Anatoli alikuwa chuoni Ubelgiji. Adela, kitinda mimba, alikuwa muuguzi Munich, na huko alikuwa amepata mchumba, Gwakisa, kijana wa Tukuyu anayesomea mitambo. Kijana mzuri, mcheshi, hana neno na mtu. Tatizo lilikuwa moja. Matanga ya mama yalikuwa hayajaanuliwa.

Katika ukoo ule, wazazi wote wawili wakishaondoka, anayeanua matanga ni kifungua mimba. Ndiye anayesimama, anataja jina la marehemu, anawaruhusu watu wacheke tena na waoe tena. Bila yeye, nyumba inabaki ya msiba, na nyumba ya msiba haitoi bibi harusi. Baba wadogo wa Bukoba waliombwa wamalize shughuli, wakakataa katakata. Mngojeni dada yenu, walisema, ndiye mwenye maneno. Adela aliomba viza ya kumfuata dada Marekani, akanyimwa. Hapo ndipo Method alipotoa wazo lake. Dada ana karatasi za Marekani, ataingia Ulaya bila taabu. Aje, wakutane wote Roma, yeye Method asome misa ya mama, dada aanue matanga, na Adela afunge ndoa kabla ya Majilio.

Genoveva aliposikia wazo hilo ilikuwa Jumapili, ametoka misani, kadi ya simu mkononi. Angeweza kusema ukweli pale pale. Alisema, "Vizuri. Lakini siji Roma moja kwa moja. Nitawapitia mmoja mmoja."

Jamani, ulimi! Lakini ndivyo alivyotaka, na ukimwuliza hadi leo atakwambia hakupanga kudanganya, alipanga safari. Angeshuka Brussels, Anatoli ampokee. Wangepanda treni pamoja hadi Munich kumchukua Adela na Gwakisa, na kutoka hapo wote wanne wangevuka milima hadi Roma, wakitafuna vitumbua atakavyokuwa amevibeba. Aliwaona kabisa, wamekaa wakitazamana, Anatoli kalala mdomo wazi. Alikuwa hajamwona hata mmoja wao tangu wakiwa watoto wa shule.

Alianza kwenda maktaba siku zake za mapumziko. Alijifunza treni inayotoka Brussels asubuhi inabadilishwa wapi, na upande gani wa behewa ukae ili uione milima vizuri. Wadogo zake, walioishi huko huko, walianza kumwuliza yeye. Alimwagiza Anatoli asisahau koti zito, mwezi wa kumi Munich unauma. Alimwambia Method anunue ndizi mbichi mapema, za Waafrika wa karibu na stesheni, si zile za supamaketi. Method akacheka, akasema ana kopo la senene, panzi wa kukaanga wa kwao, aliloletewa na padri mwenzake, hajalifungua, linamngoja dada. Jumapili zile zilikuwa tamu kuliko kitu chochote alichopata Genoveva katika nchi ile. Alikuwa dada tena, si yule anayetuma tu.

Usidhani hakujaribu. Alikwenda kwa wakili anayewasaidia watu bure kwenye ukumbi wa kanisa fulani, mama mmoja mwenye sauti ya pole, akaeleza yote. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ukweli bila kuupaka sukari. Viza ya Ulaya hataipata akiwa hana makazi halali hapa. Na akitoka kwa njia yoyote, kurudi asahau kwa miaka kumi. Genoveva akauliza kama hakuna njia, hata nyembamba. Wakili akasema hakuna. Akamshukuru, akatoka, akaenda maktaba kuangalia treni za Roma.

Wamaitha ndiye pekee aliyejua yote, na Wamaitha hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa akipiga pasi sare zake za kazini siku moja, Genoveva akimsimulia stesheni ya Munich ilivyo kubwa, akaiweka pasi chini.

"Geno, hii safari unaplan ni ya nani? Maana wewe huendi, na unajua huendi."

Genoveva akasema atawaambia. Lini? Jumapili. Jumapili ikaja, ikapita. Nyingine, vivyo hivyo. Kila alipofungua mdomo aseme, alikuta mmoja wao amesogeza jambo hatua moja mbele. Anatoli ameomba ruhusa chuoni, Adela amebadilishana zamu na Mturuki fulani, Method ameomba kikanisa kidogo na kuwaalika masista wa kwao. Wamaitha alimwambia awaeleze tu, wale ni damu yake, si maafisa wa uhamiaji. Genoveva alimtazama kama mtu asiyeelewa kitu. Angemwelezaje? Hao watoto aliwapangusa kamasi. Walisoma kwa jasho lake huku wakiwaambia wenzao dada yetu yuko Marekani, amekaa sawasawa. Kifungua mimba wa nyumba ile halii mbele ya wadogo zake. Wamchukie, wamwone ana kiburi, sawa. Kumwonea huruma? Hapana. Bora afe.

Jumapili ya mwisho Wamaitha alikaa kando yake kitandani amshike mkono aseme. Genoveva akapiga Munich. Adela akapokea, na kabla Genoveva hajafika popote, msichana akaanza kuzungumza kwa sauti ambayo dada yake hakuwa ameisikia tangu msiba. Alisema gauni limefika. Alisema amemsamehe kwa yale ya mazishi, alikuwa na kinyongo na sasa hana, kwa sababu dada anakuja. Genoveva akasema, "Tutaonana, mdogo wangu." Wamaitha akauachia mkono wake, akatoka chumbani.

Siku aliyotazamiwa Brussels, Genoveva alikwenda kazini Annandale. Alimwogesha mzee, akamlisha uji wa shayiri, akampangusa mdomo, na muda wote huo alijua Anatoli amesimama uwanja wa ndege wa Brussels na koti zito mkononi, la kumvika yeye. Anatoli alisimama tangu asubuhi hadi alasiri. Ndege ya kwanza kutoka Marekani ilishusha watu, akangoja. Ya pili, akangoja, akidhani labda dada amebadilisha. Alikwenda kuuliza kaunta, wakamwambia jina hilo halimo. Mwishowe alipanda treni ya Munich peke yake, na Adela na Gwakisa walipompokea stesheni, Adela alichungulia nyuma ya mgongo wake, ndani ya behewa, mpaka mlango ukafungwa. Walikwenda Roma watatu. Hayo yote Genoveva alikuja kuyajua baadaye, kwa Anatoli, ambaye hakuyasema kwa kulaumu.

Jumamosi, kabla hajatoka kwenda kazini, simu ililia. Wamaitha alikuwa anaosha vyombo. Genoveva akaiangalia ikilia, kisha akaipokea, na alikuwa Method.

Hakumgombeza. Alimwuliza kama ni mzima, akamwambia wote wamefika salama na wako naye hapo mezani, na misa ni kesho. Kisha sauti yake ikashuka, kama ya mtu aliyegeuka kuelekea ukutani.

"Dada, naomba nikuulize kama padri, si kama mdogo wako. Karatasi, unazo?"

Genoveva akauzungusha waya wa simu kidoleni.

"Kama huna, sema tu. Hakuna atakayekucheka. Nitawaambia wenzangu mwenyewe, na uyaseme maneno ya mama kwa simu hii hii, sisi tumesimama huku tunakusikiliza. Wazee nitajua la kuwaambia. Sema tu, dada."

Maji yaliacha kumwagika jikoni. Wamaitha alikuwa amegeuka, mikono ina povu, anamtikisia kichwa: sema, sema. Mlango ulikuwa wazi kiasi hicho, haukuhitaji hata kusukumwa. Method alikuwa ameshajua, au ameshakisia, na alikuwa amemsamehe kabla ya kuombwa. Genoveva aliliona hilo wazi kabisa. Na ndilo hasa lililomchoma. Mtoto aliyemfundisha kufunga vifungo vya shati alikuwa amemwinamia sasa, anamwongelesha pole pole, kama yeye anavyomwongelesha mzee wa Annandale akijikojolea.

"Ninazo," akasema. "Kwa nini nisiwe nazo?"

Method akauliza:

"Basi kilichokuzuia ni nini?"

"Kazi ilinibana."

Neno lile lile la mazishi, halikubadilishwa hata shati. Method akasema, "Sawa, dada," na sauti ya padri ikawa imekwisha, imebaki ya mtu aliyechoka. Genoveva alisikia simu ikipokezanwa, viti vikisogezwa, Anatoli akisema mwache, mwache, usiseme kitu.

Adela alisema. Hakupaza sauti. Alisema kesho Anatoli ndiye atakayesimama kuanua matanga, na wazee wa Bukoba wataelezwa kwamba ilibidi. Alisema Anatoli ndiye atakayemkabidhi kwa Gwakisa, na mwaliko hautatumwa Marekani, kwa sababu hawataki tena kumpotezea mtu muda wake. Alisema hela zisitumwe, za harusi wala za kitu kingine, kila mmoja ana kazi sasa.

"Kazi njema, Genoveva," akamaliza.

Nyumbani kwao mdogo hamwiti mkubwa kwa jina tupu. Angelishwa pilipili. Tangu Adela ajue kusema, katika raha na katika ugomvi, hata katika kile kinyongo cha miaka miwili, alikuwa hajawahi kumwita hivyo hata mara moja. Genoveva alilisikia jina lake kama la mtu mwingine, la mteja anayeitwa dirishani. Alitaka kusema Adela, ngoja. Simu ilikuwa imekwisha kukatwa, naye hakuipiga tena. Angepiga aseme nini? Kwamba hana karatasi? Sasa nani angeamini?

Aliuweka mkono wa simu mahali pake. Akavaa viatu vya kazi, akafunga kamba, akafungua, akafunga tena. Wamaitha alisimama mlangoni mwa jiko na kitambaa cha vyombo, hasira yote imemtoka.

"Wamesemaje?"

Genoveva akachukua mkoba wake, akatafuta ufunguo ambao ulikuwa mkononi.

"Hawajambo," akasema. "Wanakusalimu."