Pesa ya sofa nilimpeleka mum kuona ndovu

Wakuu, habari zenu. Hii ni yangu mwenyewe, na sijaongeza chumvi hata kidogo.

Ninaishi Kitengela, na niko kwa chama cha akina mama kumi. Kila mwezi tunachanga na mmoja anapewa pesa yote, lakini kuna sheria: lazima ununue kitu cha nyumba, kisha wote waje kukiona. Ukiila hiyo pesa, unatolewa.

Zamu yangu ilipokaribia, kila mtu alijua ni sofa. L-shape, rangi ya kijivu. Nilikuwa naitazama kwa simu hata kanisani, nakubali ulikuwa ugonjwa.

Wiki hiyo hiyo nikampeleka mum, anayeishi Matasia, huku huku Kajiado, kwa daktari wa macho. Tukaambiwa jicho moja limeenda, na la pili halitamaliza mwaka. Mum hakulia. Alisema tu kwamba ameishi Kajiado miaka arobaini na hajawahi kuona ndovu.

Wakuu, hamu ya sofa iliisha hapo hapo!

Nilipopewa pesa ya chama, tukaenda mbuga ya Amboseli. Asubuhi ndovu wakavuka barabara mbele ya gari tulilokodi, wakubwa na watoto wao. Nilifurahi kama mtoto. Mum aliwahesabu kwa sauti hadi thelathini na mmoja, na akamkataza dereva kuondoka.

(Chakula cha lodge tulikolala tusiongee. Mum alitoka na mikate kwa handbag.)

Siku ya chama ikafika. Nyumbani ni viti vya zamani, kimoja kimefungwa kamba. Mwenyekiti wetu, Mama Kevo, akauliza sofa iko wapi. Nikasema ukweli. Akafungua daftari anitoe.

Mum alikuwa amekuja kunitembelea, ameketi pale kando. Akasema, "Mama Kevo, saa hii wewe sikuoni vizuri. Lakini hao ndovu bado niko nao wote."

Akaanza kuelezea ndovu mmoja mmoja: mwenye sikio lililoraruka, mtoto aliyepita chini ya tumbo la mamake. Chai ikapoa na hakuna aliyeigusa.

Mama Kevo akafunga daftari, akaniomba namba ya dereva. Zamu inayofuata ni yake, na mamake yuko hai.

Nilichojifunza: sofa ningeizoea ndani ya mwezi mmoja. Mum sasa haoni kabisa, lakini kila nikimpigia anaanza na ndovu, na mimi namsikiliza kama mara ya kwanza.

Mzazi wako hajawahi kuona nini? Tuandikie hapa chini. Kama hujui, mpigie kwanza umuulize.