Delfina na Mume Anayezungushwa

Delfina alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango, chini ya Mlima Banahaw. Mumewe Tibo alipanda msituni kukata mbao, asirudi. Tulimtafuta mpaka miguu ikatoka malengelenge, tukaambulia panga lake tu, ukingoni mwa korongo.

Kwetu msitu una mwenyewe, tikbalang, jitu refu lenye kichwa cha farasi. Haui mtu. Ukiingia bila hodi au ukikata usichopewa, anakuzungusha kutwa na kukurudisha kwenye mti uleule. Basi Bibi Sepa, mama yake Tibo aliyeishi nao, akakata shauri kwamba mwanawe hajafa, anazungushwa tu. Matanga hakuna, nguo nyeusi hakuna, na sahani ya Tibo iwekwe mezani kila jioni.

Mimi nilikasirika, na sikuficha. Sepa si mwovu, ila uchungu wa mwana ulimfanya askari jela. Delfina aliishi humo miaka, si mke si mjane, akifunga wali wa nazi kwenye majani ya mgomba apeleke sokoni. Siku ya Marehemu sote tuliwasha mishumaa makaburini, yeye akabaki nyumbani. Akicheka kidogo, Sepa humuuliza kama anajua mumewe ana njaa porini.

Kisha Krispulo, seremala wa mji wa Lucban, akamposa. Alisema atamngoja kituo cha basi Jumapili asubuhi, na asipokuja hatamsumbua tena. Delfina alilia kwangu. Aliogopa kwamba akiondoka, ndiye atakayekuwa amemuua Tibo.

Jumapili hiyo nilikuwa kwao, nimekwenda kuomba chumvi. Delfina akatoka chumbani amevaa blauzi ndani nje, mishono yote inaonekana. Sepa akaacha kufagia. Hakuna asiyejua kwetu kuwa aliyepotezwa na tikbalang hugeuza nguo, ndipo njia hufunguka.

"Wewe msituni umekwenda lini?" Sepa akauliza.

"Sijakwenda, mama. Lakini na mimi nazungushwa, humuhumu ndani. Nimechoka, mama yangu."

Sepa akaegemeza ufagio ukutani. Vifungo vilikuwa vimegeukia ndani, na Delfina alishindwa kuvifunga. Mkwewe akamsogelea, akamfungia kimoja kimoja hadi shingoni.

"Usiivue mpaka ufike barabarani," akamwambia.

Delfina alipokwisha kuteremka ngazi, Sepa alikaa sakafuni, akamlilia mwanawe kwa mara ya kwanza.