Bati Kati Yangu na Baba Mkwe

Wanaume wa huku Manga husema pikipiki ya baba mkwe wangu ilituletea maendeleo. Wao waseme yao. Mimi nasema yangu.

Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, ikiwa imechoka kabisa. Kiti kilichanika, akakishonea gunia na kulijaza majani makavu ya migomba. Tairi la nyuma lilipolika hadi nyuzi zikaonekana, alikata kipande cha tairi la lori akakilaza ndani, akaendelea na safari. Taa ilikufa, akafunga ya chemli, na upepo ukawa unaizima. Breki ya mbele ilikuwa waya wa baiskeli. Mikono yake ilikuwa na akili, siwezi kumnyima hilo.

Ilibeba mikungu ya ndizi, magunia ya wimbi, hata ndama aliyefungwa miguu. Ilibeba wake za majirani hadi sokoni. Mimi sikuwahi kuipanda. Kwetu Wagusii, mkamwana na baba mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawaketi kiti kimoja, hata macho hukwepana. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Nilisoma hadi sekondari, lakini nilipoolewa niliikuta mlangoni inaningoja kama inavyowangoja wengine wote.

Msimu wa mvua ndefu, mume wangu akiwa Kericho akichuma majani chai, binti yetu aliamka akiwaka moto. Alikuwa bado ananyonya. Kabla uji haujachemka, degedege likamshika. Shingo ikakakamaa, macho yakageuka juu.

Nilimbeba mbio hadi kwa mama mkwe. Baba mkwe alikuwa hapo hapo uani, akanipa mgongo kama inavyotakiwa.

"Mama," nikasema, "mwambie anipeleke hospitali."

Baba mkwe alisikia kila neno. Bado alingoja aambiwe.

"Anasema umpeleke," mama mkwe akamwambia.

"Mwambie mkamwana nitampeleka. Lakini atakaa wapi?"

"Nyuma yako, atakaa wapi tena? Juu ya usukani?"

"Wewe mwanamke, unataka tulaaniwe? Kifua chake kije mgongoni mwangu, mbele ya watu?"

Mama mkwe hangeweza kumbeba mtoto badala yangu. Pikipiki hiyo hiyo ilikuwa imemwangusha kwenye mteremko ikamvunja nyonga, na tangu hapo alitembea kwa fimbo. Na hakuna mwingine kijijini aliyejua kuiendesha. Kwa miguu, hospitali ya mjini ni mwendo wa nusu siku, na matope yalikuwa hadi magotini.

Basi baba mkwe akaleta mbao, misumari na kipande cha bati kilichobaki kwenye paa la jikoni. Akaanza kujenga. Ubao mrefu uchomoze nyuma ya kiti, nikalie huko. Bati lisimame katikati, ili tusigusane.

Nyundo ikalia. Mtoto akakakamaa tena mapajani mwangu. Kila nilipoinuka niende kwa miguu, mama mkwe alinishika nguo. "Ngoja, anamaliza." Majirani wakakusanyika.

"Mzee, unajenga nyumba juu ya pikipiki?" mmoja akauliza. "Usisahau mlango!"

Wakacheka. Baba mkwe naye akacheka kidogo, msumari ukiwa mdomoni. Sijawasamehe. Jua lilikuwa limepanda juu kabisa tulipoondoka.

Ukingo wa Manga ni mwinuko na mteremko, hauna tambarare. Mimi na ubao tulikuwa uzito wote wa nyuma, kwa hiyo kila mlima gurudumu la mbele liliinuka, naye akalazimika kushuka na kusukuma. Bati lilitetemeka likinikata magoti. Kwenye mteremko wa tatu ubao ukavunjika. Nilianguka matopeni kwa mgongo, mtoto nimemkumbatia juu ya kifua. Hakulia. Kutolia kwake ndiko kulikonitoa akili.

Nilisimama mbele ya baba mkwe, nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Toa hilo bati."

Akainamisha kichwa. "Mkamwana..."

"Mjukuu wako anakufa! Litoe, au nilitoe kwa meno."

Akaling'oa, akalitupa mtaroni. Nikapanda nyuma yake, mtoto katikati yetu, nikamshika koti kwa mikono miwili. Tulipita watu njiani. Wanawake walifunika nyuso. Tulifika mjini bila kusimama tena.

Dresa, yule mhudumu anayetibu hospitalini, alimshika mtoto shingo, akasema ni homa ya uti wa mgongo, akaniuliza ilianza lini. Nilipomwambia asubuhi, akanitazama kama anayemtazama mlevi. "Na mlikuwa mnafanya nini?"

Baba mkwe alikuwa mlangoni. Aliinama akakwangua matope miguuni. Nami ningesema nini, kwamba tulikuwa tunapiga misumari?

Homa ilishuka. Mtoto aliishi. Tuliporudi nyumbani niligonga sufuria nyuma ya kichwa chake na hakugeuka. Niligonga tena, nikaita, nikapiga kelele hadi mama mkwe akaja na fimbo yake.

Wazee walikuja wiki ile. Walikaa uani wakazungumza hadi jioni: nani alimgusa nani, koti lilikuwa zito kiasi gani, itachinjwa nini ili boma lisafishwe. Binti yangu alikuwa katikati yao, akicheza na kijiti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya masikio yake.