Pikapu Iliyotulia kwa Mzigo

Pikapu yetu ilianza kutetema baada ya msimu wa korosho wa mwaka juzi. Haikutetema ovyo. Ukienda taratibu, hakuna kitu. Ukiiacha ishuke yenyewe, hakuna kitu. Lakini ukikanyaga mafuta kutafuta mwendo, mtetemo unaanzia chini ya kiti, unapanda mgongoni, na kwenye kioo cha pembeni huoni tena sura ya anayekufuata. Ukiondoa mguu, unakoma. Hapo ndipo nilipoiogopa. Kibovu kinachopiga kelele muda wote unakizoea, lakini hiki kilikuwa kinachagua wakati.

Tunakaa kijijini, mbele ya Newala mjini, juu kabisa kwenye mchanga unaomeza tairi. Maji kwetu ni ya kufuata bondeni. Kwa hiyo gari la huku halitembei tupu mara nyingi: linashuka na magunia ya korosho, linapanda na mapipa ya maji. Msimu ule mume wangu alifanya wanavyofanya wenzake wote. Aliipeleka pikapu ikaongezewa springi nyuma, vipande vizito vya lori, ili ibebe zaidi bila kukaa chini. Ikarudi imeinua mgongo kama paka aliyeona mbwa. Mwenyewe alifurahi, akaizunguka mara kadhaa kabla ya kukumbuka kunisalimia.

Mtetemo ulipoanza, kwanza ikasemwa ni tairi. Mume wangu akashuka Masasi, zikafanyiwa balansi, akarudi inatetema. Akahamisha za mbele nyuma na za nyuma mbele, bado. Kisha ikawa mauntini, zile raba zinazoshikilia injini, zikabadilishwa, bado. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba gari limechezewa. Nikawaambia mchawi mwenye akili zake hawezi kuhangaika na mauntini, atawaroga watu wenye gari zuri. Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini nikiwa ndani ya lile gari sikucheka.

Nilichogundua ni hiki: tukitoka bondeni na mapipa yamejaa, pikapu ilipanda kimya. Tukishuka na mapipa matupu, kila akikanyaga mafuta ilitetema. Nikamwambia mume wangu. Akanijibu kwa raha, kana kwamba nimemsifia mtoto, "Gari hili linapenda mzigo." Tangu siku hiyo, akiwa hana cha kubeba, alipakia viroba vya mchanga nyuma. Mtetemo ukapotea, naye akaita hayo ndiyo matengenezo. Mimi nilijiuliza, kama mtu anaumwa na ukimwekea jiwe kifuani ananyamaza, umemtibu au umemziba mdomo?

Ningeendelea kujiuliza tu, kama si binti yetu wa kwanza. Alikuwa amekuja nyumbani kujifungulia kwangu, maana mumewe yuko kazini mbali. Mtoto wake wa kwanza alitoka kwa upasuaji kule hospitali ya Ndanda, na kliniki walimwonya: safari hii asijaribu kuzalia nyumbani, ashuke mapema akasubiri siku zake karibu na hospitali. Baba yake alipanga kumpeleka kwa pikapu, alale kwenye godoro kule nyuma. Na ili godoro lienee, mchanga ulipaswa kutoka.

Nilimwambia mume wangu kwamba mwanangu hapandi hilo gari mpaka nijue kinachotetema. Tuligombana siku nzima. Sina sauti ya upole, na watu wa mtaa wote wanajua. Mwishowe alikubali kwa hasira. Kesho yake asubuhi tukamwacha binti kwa shangazi yake, tukashuka Masasi wawili, gari tupu.

Sijawahi kuona njia ndefu namna ile. Kila baada ya kona alikanyaga mafuta, na kila alipokanyaga, sakafu chini ya miguu yangu iligonga haraka haraka, tofauti na siku za nyuma. Nilimtazama usoni, akatazama mbele. Tulipofika Chiungutwa vijana wa bodaboda waligeuza shingo kabla hatujawafikia. Walikuwa wametusikia kwanza.

Fundi wa Masasi aliniamkia, nikaitikia marahaba, nikamweleza habari ya mapipa na mchanga kabla mume wangu hajafungua mdomo. Alinisikiliza akitazama ule mgongo wa gari. Kisha akawaita wanaume waliokuwa wakipiga soga kivulini, akawaomba wapande nyuma wote. Akalala chini ya gari. Akawaambia washuke, akatazama tena.

"Mzee, njoo uone," akasema.

Mume wangu akalala, nami nikainama na kanga yangu. Kulikuwa na propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Watu walipopanda, lilikaa karibu na kunyooka. Waliposhuka, nyuma kulipanda na lile bomba likakunjika kwenye maungio yake kama mkono kwenye kiwiko.

"Springi ndizo zimeinua huku," fundi akasema. "Sasa inazunguka imekunjwa. Mkiweka mzigo inanyooka, mnasema imepona. Lakini kros inaendelea kuliwa."

Kros ni kile kiungo cha chuma, umbo la msalaba, kinachoishika propela mbele na nyuma. Aliipangusa ile ya mbele kwa kitambaa, na kitambaa kikatoka na vumbi jekundu kama la pilipili. Alipoitoa na kufungua vifuniko vyake, ndani palipotakiwa kuwa na vijiti vidogo vya bearingi na grisi palikuwa na unga. Akaumimina kwenye kiganja cha mume wangu.

"Hii ilikuwa inasubiri mlima. Ikikatika ya mbele, bomba linaanguka, linachoma ardhi, gari linaruka. Kutoka mzima humo, sidhani."

Mume wangu aliufunga mkono wake. Kros ya saizi ile haikuwepo Masasi. Ingekuja na basi la mchana kutoka Mtwara. Tukakaa kusubiri, na hapo hapo simu ikaita. Alikuwa shangazi mtu. Chupa imepasuka, uchungu umeshika.

Mume wangu alisimama. "Irudishe hiyo hiyo. Funga, twende."

Fundi hakusogea. Alinitazama mimi. Ile kros mbovu ilikuwa juu ya gunia, katikati yetu. Niliichukua, nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikakaza fundo.

"Mama, lete," mume wangu akasema.

"Sileti."

"Mwanao anaumwa, wewe unakumbatia chuma?"

"Mlima ule unapandwa kwa mafuta, na gari ni tupu. Ukianguka nalo, nani atamfikia?"

Aliinua mkono. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuninyanyulia mkono. Akaushusha, akaenda kusimama ukutani akitugeuzia mgongo. Nikampigia yule shangazi, wifi yangu, nikamwambia asitusubiri, amkamate bodaboda yeyote, wapande mshikaki, yeye nyuma amshike binti, wakimbilie Newala mjini. Nilisikia binti yangu akilia kwa nyuma. Nilijua mchanga wa njia ile. Nilijua pia kwamba kama nakosea, nitakaa na kosa hilo mpaka nizikwe.

Tulipata nafasi kwenye gari la abiria lililokuwa linapanda. Mume wangu alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma, hatukusemezana. Tulipofika hospitali ya Newala, binti yangu alikuwa hai. Alikuwa amelazwa, mweupe midomoni, na alinishika kidole kama alivyonishika alipokuwa mdogo. Mtoto alikuwa wa kiume. Muuguzi alitueleza kwa upole kwamba mtoto alifika akiwa amekwishachoka tumboni, na kwamba hapakuwa na la kufanya kumwokoa. Nililia pale pale kwenye korido, sikujali macho ya watu. Mume wangu aliketi chini na kofia yake mapajani.

Kros mpya ilifungwa, na zile springi za lori zikatolewa. Mume wangu aliagiza zitolewe bila mimi kusema. Siku ya kumchukua binti hospitali alikuja na pikapu, imekaa chini kama magari mengine. Tulimweka katikati yetu. Tulipotoka mjini na nyumba zikaisha, alikanyaga mafuta, na hakuna kilichotetema. Kioo cha pembeni kilionyesha mikorosho na mtu aliyebeba kuni, wazi kabisa.

"Mama," binti yangu akasema, "gari lilikuwa bovu kweli, hata msiweze kuja kunichukua?"

"Lilikuwa bovu, mwanangu."

Akamgeukia baba yake, akasubiri. Mtu yule, aliyeushika ule unga wa chuma kwa kiganja chake mwenyewe, alibadilisha gia na kutazama barabara.