Mama Kwenye Filamu Yangu

Leo mama yangu mzazi amegoma kusema maneno niliyomwandikia, mbele ya watu wote.

Niko nyumbani Chilangala, natengeneza filamu yangu. Asubuhi mwigizaji wa nafasi ya mama kaamka na malaria, na kamera ya kukodi inatakiwa kurudishwa kesho.

Nikamfuata mama shambani, kwenye mikorosho. Akakubali, akaenda kubadili kitenge.

Hakuwa na miwani, kwa hiyo nikawa namsomea maneno ya kusema. Nikafika pale mama wa kwenye filamu anapomwambia binti yake, "Ukienda kwenye hizo filamu zako, usiniite mama tena."

Akanigeukia.

"Hayo niliyasema mimi," akasema taratibu. "Siku ulipoacha chuo cha uuguzi."

Wenzangu wote wakaangalia chini.

(Nilidhani alishasahau. Kweli nilidhani hivyo.)

"Mama, basi tuyaache."

"Hapana. Washeni kamera."

Akamshika mkono dada anayeigiza binti, lakini macho yake yalikuwa kwangu nyuma ya kamera.

"Nenda, mwanangu. Siku ile niliogopa tu. Sikujua huko utakula nini, wala nani atakuuguza."

Hayo sikuyaandika mimi.

Sijui nilifikaje pale. Nilishtukia nimemkumbatia, nalia, naye ananifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Mpigapicha anasema nimeharibu kila kitu, maana nimeingia kwenye picha na kofia yangu ya kazi. Anataka turudie.

Nimekataa.

Niambieni kama nimekosea.